Kamati ya Divai

Tulitumwa watatu, kwa barua yenye mhuri,
kutoka usharikani Kihesa hadi Dabaga:
mimi katibu, na daftari langu la mistari,
Bi Yudita Ngimba wa umoja wa akina mama,
na mwinjilisti Lulandala, ambaye mwaka wa kumi na moja huu
hajameza kileo;
hata kikombe cha Bwana hukigusa tu kwa mdomo
kama anayebusu paji la maiti.

Mwezi wa saba. Ukungu umelala barabarani
na hakuna aliyeuamsha mpaka saa nne.
Otilia Kihwele alitupokea ndani ya sweta la mume,
mikono imekunjwa mara tatu.
Akafuta benchi kwa kiganja. Kamwene,
karibuni kiwandani.

Kiwanda ni chumba kilichokuwa cha mbuzi.
Madumu kumi na manne, mipira ya dripu kutoka zahanati
ikipumulia ndani ya chupa za maji:
blup. Kimya. Blup.
"Msishtuke," akasema, "ni chachu, inahesabu."
Glasi hazikutosha. Bi Yudita akapewa kikombe cha bati.

Ya kwanza, ya plamu.
Jamani.
Niliandika: tamu. Nikafuta.
Niliandika: kama kuiba plamu za misheni mvua ikinyesha,
mifuko ya kaptura imejaa, mlinzi anakuja,
nawe hukimbii kwa sababu moja imeshapasuka mdomoni.
Bi Yudita aliomba tena, "ili kuhakikisha."
Akahakikisha mara tatu.
Na ni yeye huyo huyo aliyesema, akijipangusa kwa ncha ya kitenge:
"Ila plamu si mzabibu. Mchungaji ataturudisha."

Ya zabibu, basi.
Miche thelathini; marehemu aliibeba kutoka Dodoma
ndani ya gunia bichi, mapajani, safari nzima,
suruali imelowa watu wakimwonea aibu,
akaipanda kwenye mteremko uliompa jina la utani:
zabibu zinataka jua, wewe unazifunika blanketi.
Ziliiva. Shingo upande, lakini ziliiva.
Divai yake nyembamba, inakwaruza pembeni mwa ulimi,
ina ubaridi wa bati la shule asubuhi,
na nyuma kabisa, ukiwa umeshameza na kusahau,
kitu kama udongo mwekundu jembe likiutoka.
Sikujua niandike nini.
Niliandika: ipo.

Chupa ya tatu hakutaka kuifungua.
"Hii ya mwaka wa msiba. Sikuziba vizuri.
Nilikuwa na mambo."
Lakini Bi Yudita alishanyoosha kikombe.

Siki. Siki tupu; uso wake wote ukawa ngumi.
Otilia akatazama sakafu, akaanza kuomba radhi kwa Kihehe,
haraka haraka, kama mtu anayeokota shanga.

Ndipo Lulandala, asiyeonja, akaomba glasi.
Hakunywa. Aliisogeza puani, akafumba macho,
akakaa hapo mpaka chachu ikahesabu tisa.
"Hata Yeye," akasema,
"ya mwisho aliyopewa ilikuwa hii."
Akaitua mezani taratibu, kama yai.

Hakuna aliyejibu, isipokuwa mbuzi,
huko nje walikohamishiwa.

Muhtasari unasema: kamati imeridhia ya zabibu,
lita ishirini kwa robo mwaka, bei itajadiliwa.
Hausemi kuhusu chupa mbili za plamu
zilizorudi chini ya kiti cha Bi Yudita
zikigongana kwenye kila tuta.
Wala siki, niliyoilipia bei ya divai,
Otilia akikataa, mimi nikikataa kukataa kwake.

Ipo jikoni. Jumapili baada ya ibada
naimwagia kachumbari, vitunguu vinalegea,
na watoto wanauliza mbona kali hivi.
Kuleni tu, nasema.
Ni ya mwaka ambao mtu alisahau kuziba.