Kifundo

Boga changa halinyoshewi kidole.
Guku Vugutsa, mama yake baba, alitukumbusha kila masika,
seveve ilipokwisha kulipanda lile jiwe nyuma ya jiko,
jiwe lililotunyima nusu ya shamba
tangu dunia iumbwe.
Ukitaka kulionyesha, kunja ngumi.
Ukisahau, king'ate kidole mara saba
na usimwambie mtu.

Nilisahau. Nilikuwa na miaka minane,
na boga lilikuwa sawa na kichwa cha mtoto mchanga,
la kijani, lenye vinyweleo,
na Imali binamu yangu aliapa halipo.
Lile pale! nikasema,
na kidole kikanyooka chenyewe.

Siku ya tano lilikuwa na doa la maji ubavuni.
Siku ya nane likaanguka.
Mwezi huohuo mama alirudi kutoka Kaimosi
na begi la nguo za mtoto, zimekunjwa vilevile,
na hakuna aliyeniuliza lolote.

Hilo ndilo lililoniuma. Hakuna aliyeniuliza.

Baadaye nilisoma kwamba kuna nzi
hutoboa boga changa na kutaga ndani.
Mama naye, nikiwa mtu mzima, tukichambua mboga,
akasema ilikuwa shinikizo la damu.
Nikaitikia, ahaa.
Nikaendelea kuchambua.

Sasa nafanya kazi Mbale, chumba cha picha,
pazia la kijani, feni inayolia kama panya,
jeli ambayo kila mama huishtukia
hata nikiipasha joto viganjani.
Tazama, nawaambia, kichwa hiki hapa,
uti wa mgongo huu, kama shanga.
Naonyesha kwa kifundo cha kidole.
Miaka kumi na tisa, kwa kifundo.
Mashine ina mshale wake wa kuonyeshea.
Huo nao siupendi: una ncha.

Chemutai, mwanafunzi wa mazoezi, aliuliza siku ya kwanza,
Dada, kidole kimepatwa na nini?
Baridi yabisi, nikasema.
Jumatatu akaniletea dawa ya kuchua ya nyanya yake,
ikinuka samli na moshi,
nami nikaipaka mbele yake, kidole kizima.

Jana alikuja Mideva kutoka Serem.
Mimba ya nne; mtoto hana.
Alilala akihesabu misumari ya dari.
Nikasogeza kifaa polepole, huku, tena huku,
nikaupata ule mwanga, mdogo kama punje ya mtama,
unapepesa, unapepesa,
na mimi mwenye cheti ukutani, mimi mwenye miwani,
nikautia mkono wangu mfukoni.
Chemutai, nikasema, mwonyeshe.

Msichana akainama mbele.
Mkono ukatoka, kidole kikaanza kunyooka
(niliusikia moyo, na si ule wa kwenye kioo)
kisha akakikunja.
Sijawahi kumwambia.
Akagusa kioo kwa kifundo, taratibu,
kama mtu anayebisha hodi
kwenye nyumba ambamo kuna aliyelala.

Mideva akageuza shingo.