Kaftani ya Kukodi

Pamba kwenye kijiti, mate yangu kwenye pamba:
ndivyo tunavyoosha sura za watu wa kale hapa Lyon,
kwa mate, kama mama afutavyo shavu la mtoto
mlangoni, wageni wakiwa wameshapiga hodi.
Siku ya sita limefunguka jicho la kushoto.
Vanishi ililifanya la asali; kumbe ni la kijivu,
kijivu cha mto Saône mwezi wa Februari.

Kibao cha shaba kinamwita "Bibi wa Kituruki."
Kilemba kina unyoya, kaftani ina kasabu,
mshipi umezungushwa mara mbili chini ya kifua,
na miguuni, juu ya zulia, mtalawanda.

Alikuja Mürvet kutoka Istanbul, mjuzi wa mavazi,
akainama, akavaa miwani, akavua,
akacheka hadi akaomba kiti.
"Huu ni mtalawanda wa hamamu!
Nani anaketi sebuleni na viatu vya kuogea?
Na mshipi huu ni wa mpagazi wa bandarini.
Nyanya yangu angemfukuza. La, angemlisha kwanza,
halafu ndiyo amfukuze."

Mchoraji hakuwahi kuvuka bahari.
Alivuka barabara tu, hadi stoo ya jumba la michezo,
akarudi na sanduku linalonuka kafuri.
Daftari lake tunalo, wino umegeuka kutu:
"Kaftani, kukodi, siku nne: faranga kumi na mbili.
Apolline, dobi, siku nne: faranga sita.
Machungwa mawili, ya kushika."
Na pembeni, kwa mwandiko wa haraka:
"Chungwa moja limeliwa."

Nguo ya kuazima, husemwa, haisitiri matako.
Hii imemsitiri karibu miaka mia mbili.

Jana tulimpiga eksirei kama mgonjwa.
Chini ya mikono ile myeupe, laini kama siagi,
ipo mingine: vifundo vimevimba,
kidole gumba kimechanika kwa magadi.
Aliichora kwanza kama alivyoiona.
Kisha akaona haya, sijui kwa niaba ya nani,
akaivika ngozi.

Mkurugenzi anasema tusiiguse:
weupe nao ni kazi ya mkono wa mchoraji.
Ni kweli. Sitaugusa.

Umebaki mdomo.
Naufuta kwa viduara vidogo vidogo,
pamba inatoka na rangi ya chai.
Kwenye pembe ya kulia kuna kitone
nilichodhani ni uchafu, nikakisugua, kikagoma.
Nikaleta kioo cha kukuzia.
Ni rangi, imewekwa kwa ncha ya brashi,
mara moja, na mtu aliyekuwa akimtazama sana:
maji ya chungwa.