Muhtasari wa Kikao

Niliyeandika ni mimi. Kalamu ya bluu,
daftari la kaunta, meza ya kata yenye mguu mfupi,
na mvua ya Tukuyu ikigonga bati
hadi mgeni wa wilayani akalazimika kupaza sauti
ili asieleweke.

Kiwanda cha chai hakijafungwa, alisema,
kimepumzishwa ili kijipange.
Fedha za majani mabichi zipo,
ila kwa sasa hazisomeki kwenye mfumo.
Na daraja halikuvunjika:
lina changamoto ya kufika ng'ambo.

Nikaandika. Tahajia zote nilizijua.

Bibi Gwantwa akasimama, mwavuli unamchuruzika miguuni,
akaomba mkalimani,
maana Kiswahili chake ni cha gulioni:
kilo, bei, chenji, rudisha.
Akasukumwa mbele Ambokile, mwalimu wa darasa la tatu.

"Suala lenu liko kwenye mchakato," mgeni akaanza,
"wadau wanalichakata kwa jicho la pekee,
na upembuzi yakinifu utakapokamilika
mtapatiwa mrejesho kwa wakati muafaka."

Ambokile akakohoa. Akatazama dari.
Akamwinamia bibi sikioni
kwa maneno matatu ya Kinyakyusa.

"Mbona fupi?"
"Ndiyo yaliyokuwemo, mheshimiwa."

Ukumbi ukaangua kicheko, benchi moja likaanguka.
Bibi peke yake hakucheka.
Alikunja risiti zake za Machi, moja moja,
akazirudisha kwenye mfuko wa sukari.

Yale matatu sikuyaandika.
Niliandika: *Wananchi walipokea taarifa kwa furaha.*
Nikasaini posho, nikapitia kilabuni kwa Mwaijande.

Usiku Tumwitike anamenya ndizi,
hainui kichwa, anauliza: ada ya Lugano?
Nikafungua mdomo, ukatoka wenyewe:
"Suala hilo tunalifanyia..."

Kisu kikasimama hewani.

Ukungu wa huku kwetu una adabu yake.
Ukifika saa nne unaondoka,
unaiacha migomba, unauacha mlima,
na shimo lililo mbele ya mguu wako
unakuonyesha.

Nikahesabu matone ya paa. Kisha nikasema:
Sina. Nimeinywa.

Hakunisamehe.
Alinisikia tu, akashika ndizi nyingine.