Alama kwa Mghoi

Mikindani, nyuma ya gereji,
glasi nne juu ya ubao.

Ya kwanza ya ukwaju: inauma kingo za ulimi,
kisha inaomba radhi. Saba.
Ya pili, tangawizi. Povu limekufa
kabla sijaandika neno. Nne, kwa huruma.
Ya tatu nimeimaliza bila kuipima,
makosa yangu.

Ya nne nyeusi,
kahawa ya jana iliyochemshwa upya na sukari guru.
Nanyamaza.
Mghoi anafuta meza iliyo safi tayari.
"Sema basi."

Babangu alikuwa mgema. Jioni alinipa kata nionje,
na kila nilipomsifu,
kesho yake nilionja maji.

Naandika: sita.

Namsogezea glasi,
aijaze tena.