Jiao Mbili

Depo ya mabasi, Guiyang, chumba cha nyuma:
wanawake kumi na mmoja na magunia ya noti.
Abiria huzikunja kama wafichao siri,
vinundu, vijiti, moja imetafunwa na mtoto.
Kazi yetu kunyoosha. Kiganja kikawa pasi,
na jioni vidole vikanuka jasho la mji mzima.

Ya hudhurungi, jiao moja. Ya zambarau, tano.
Ya kijani ndiyo niliyoiweka juu ya rundo:
wasichana wawili, nyuso wamezigeuza upande,
mmoja Mkorea, mmoja Mbuyi, wa kwetu,
kitambaa cha kichwani kimechongwa uzi kwa uzi
na mtu aliyeliinamia bamba la chuma
hadi shingo ikamkakamaa, nadhani,
kwa ajili ya senti za nauli.

Nilimpelekea nyanya moja mpya, bado kali pembeni.
Akaisogeza taani. Akanyamaza.
“Hakifungwi hivi,” akasema.
Kisha: “Binti wa nani huyu?”

Nikaigeuza. Nyuma, kando ya Kichina, lugha nne:
Kimongolia kinachoteremka kama mvua ya dirishani,
Kitibeti, Kiuiguri, Kizhuang.
Chetu hakimo.
Uso tumepewa, ulimi tumenyimwa.
Lakini Kizhuang ni binamu; nikakisoma polepole,
naye akadaka neno moja hewani:
“Mbili! Hilo nalijua.”
Akacheka hadi akakohoa.

Mwaka elfu mbili na kumi na nane, mwezi wa tano,
ya kijani ikaondolewa. Moja ikabaki, tano ikabaki.
Mlangoni mwa basi sasa simu hulia tii,
gunia limekuwa bahasha,
na katika wale kumi na mmoja tumesalia
mimi na Ban Guizhen,
tumekaa bega kwa bega, hatuna la kuhesabu,
nyuso tumezigeuza upande, dirishani.

Siku ya kufagia makaburi nilimchomea nyanya
noti za kuzimu, bilioni kwa bilioni,
kila moja na mfalme mwenye ndevu.
Moto ulipopungua nikawaza:
huko, nani atampa chenji?
Nikaitoa ya kijani mfukoni.
Sikuichoma. Niliibana chini ya jiwe,
yule wa kwetu akitazama juu,
kitambaa chake vilevile, kimefungwa vibaya.