Mizani Haikuuliza

Kila Alhamisi kaka yangu Emlyn alipanda mizani ya Bwana Pugh, muuza nyama,
baada ya kondoo wa mwisho kushushwa ndoanoni.
Nyumbani tulikuwa na ile ndogo tu, ya unga.
Bwana Pugh alisukuma jiwe la shaba, akasoma kwa jicho moja:
"Ratili mia na sitini. Kamili.
Olwen, mpe supu. Mkate umfiche."

Mizani haikuuliza baba ni nani.
Baba ni Clement Gittens wa Barbados,
mchochea makaa katika meli za mvuke,
aliyerudi nyumbani mweusi mara mbili,
akaoga, akabaki mweusi mara moja, akicheka.
Mama ni Gwladys, binti wa mchimba makaa;
naye babu akitoka shimoni
hukuijua rangi yake mpaka maji yachemke.
Cardiff nzima iliishi kwa kitu cheusi,
ikakiuza kwa ratili.

Emlyn alipiga watu. Sina neno la kulipamba.
Aliwapiga Swansea, akawapiga Bristol,
akawapiga Newport, ndani ya ukumbi
ambao mchana ulikuwa soko la samaki.
Bingwa mwenyewe, Harold Stubbins wa Leeds,
alimlaza chali raundi ya sita.
Lakini pambano lilikuwa la kirafiki,
mkanda uliachwa hotelini, sandukuni.
Urafiki gani ule, wa mbavu mbili?

Ndipo ikaja barua ya London, karatasi nene:
anayewania mkanda wa nchi
sharti awe na wazazi wawili weupe.
Mama aliisoma kwa sauti. Akarudia: *wawili*.
Akavua aproni, akaikunja, akaikunja tena.
"Basi mimi nimehesabiwa," akasema,
"na sikutosha."

Usiku niliitia barua kwenye mizani ya unga.
Haikufika wakia moja. Sindano haikushtuka.
Na kitu hicho, ambacho upepo wa mlango ungekichukua,
kikamkalia kaka yangu kifuani miaka kumi na miwili.

Miaka ya bondia si miaka ya watu.
Nyusi zilishonwa, zikafumuka, zikashonwa,
mara moja na mimi, kwa uzi wa pazia.
Vita vikaja. Asiyefaa kuvaa mkanda wa nchi
alifaa kuifia; kofia ya chuma
walimpa bila kutaja wazazi.
Meli ya baba ilizama Atlantiki pamoja na makaa yake.
Rambirambi zikaja kwa karatasi ile ile nene.

Kanuni ilifutwa siku ya Jumatatu:
mstari mmoja gazetini, chini ya bei ya viazi.

Emlyn sasa ana miaka thelathini na minne,
goti linalolia kama bawaba,
na mbele yake kijana, Ronald Peasgood,
mwenye meno yote.
Mvua inanyesha uwanjani, watu wamevaa magazeti vichwani.
Raundi nane kijana anampiga kama anayepiga zulia.
Ya tisa mama anafumba macho. Ya kumi anayafumbua,
maana sauti imebadilika.
Wanasema subira huvuta heri.
Ya Emlyn ilivuta mkono wa kushoto,
raundi ya kumi na tatu, mfupi,
kama mtu anayefunga droo.

Miezi mitano baadaye aliupoteza. Sitaki kuongopa.
Lakini usiku ule Bwana Pugh alifungua duka saa sita,
koti juu ya nguo za kulalia,
akaifuta sinia damu ya kondoo,
kitu ambacho hakuwahi kumfanyia mtu.
Mama akaulaza mkanda.
"Ratili tatu, wakia nne."
"Rudia," akasema Mama.
Akarudia kwa sauti kubwa,
kama anayemsomea mtu aliye mbali baharini.