Pua ya Kuazima

Baba hanusi. Miaka ishirini na sita
ya gundi katika kiwanda cha viatu cha Gyumri
ilimng'oa harufu zote, moja moja,
kama mtu achomoavyo misumari kwenye soli.
Kwa hiyo nikimwambia, Vardges
(nikikasirika humwita kwa jina),
gari linanuka petroli,
hujibu: "Mimi sisikii kitu."
Na kweli, hasikii.

Januari nzima tumetembea vioo chini,
nyuzi kumi na saba chini ya sufuri,
masikio yanakatika. Haykush wa ghorofa ya pili
ameshaeneza kwamba tunauza mafuta ya magendo.

Harufu nayo ina tabia. Nikaanza kuisoma.
Asubuhi haiji.
Tangi likiwa nusu, imetulia kama mgeni siku ya kwanza.
Ila tukitoka kituoni tumejaza hadi shingoni,
tukakata kona ya kushoto pale kanisani,
hapo hunipanda kisogoni, nzito, karibu tamu,
kichwa kinagonga
na ulimi unaonja sarafu.

Fundi Mkrtich alifungua boneti,
akapitisha kitambaa kwenye kabureta, kwenye kila mpira.
Kikatoka kikavu kama biskuti.
"Huku mbele hamna kosa," akasema,
akadai dram elfu tatu za kutoona kitu.

Jumapili. Milango ya gereji wazi yote miwili,
betri nimeitoa,
sigara za Baba nimezitia mfukoni mwangu.
Kwenye buti nikatoa tairi la akiba, jeki,
nusu gunia la viazi,
mwavuli wa Mama ambao hakuna aliyethubutu kuuhamisha,
kisha zulia, nalo likaja na pumzi
iliyonirudisha nyuma nikikohoa.
Tangi lilikuwa pale, ubavu wa kulia,
limejibanza kama mtoto aliyevunja sahani.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nilichonacho ni chaki.
Nikaiponda, nikainyunyiza juu ya tangi,
kwenye shingo ya kujazia, kwenye kijibomba cha kupumulia,
kuzunguka geji.
Baba akalitikisa gari kwa nyonga,
akiguna, akihesabu kwa sauti bila sababu.
Tukangoja.

Chaki ikaanza kugeuka.
Pete ya kijivu, nyembamba kama uzi,
ikajichora kuizunguka geji ya mafuta,
ikanenepa, ikalowa.
Baba akainama na tochi, kimya, muda mrefu.
"Naiona," akasema.
Mwezi mzima nilikuwa nikimwapia,
na kumbe macho hayana pazia
lakini yanahitaji unga.

Tukalinyonya tangi hadi nusu, nikafungua nati sita.
Gasketi ilitoka vipande, imekakamaa
kama ganda la mkate wa wiki iliyopita.
Dukani hawana; waseme hawana tangu kiangazi.
Baba akaingia ndani, akarudi na kisu chake cha kiwandani
na kipande cheusi cha soli,
ya viatu vya wachimba mafuta,
mpira ambao petroli haiwezi kuula.
Hakupima. Aliweka ile ya zamani juu, vipande vyake,
kama mtu anayepanga meno,
akakata duara moja bila kuinua mkono.
Matundu sita. Likaingia kama lilizaliwa humo.
Nikabadilisha na kijibomba, kilikuwa na ufa;
nikakaza klampu mpaka vidole vikakataa.

Jioni tukajaza hadi shingoni.
Vioo juu. Kona ya kushoto, kanisani.
Baba alitazama uso wangu, si barabara.
"Vipi?"
Nikavuta pumzi. Nikavuta tena.
"Viazi," nikasema.
"Viazi tu?"
"Viazi. Na sufu mbichi, ya koti lako.
Na ule mwavuli... bado una ile sabuni yake."

Mtaa wetu ukafika, taa ya Haykush ikiwaka.
Baba hakupunguza mwendo.
"Endelea," akasema.